Nukta Chini ya Herufi

Mwezi uliopita nilimkabidhi Baraka, kijana anayerithi kazi yangu, funguo za karakana ya mabango, pamoja na ngazi mbili ambazo naona hatazitumia sana. Magoti yangu yalishatoa taarifa mapema. Mimi ndiye niliyechelewa kuisikia. Siku hiyo ya mwisho nilimkuta mbele ya kompyuta anapanga bango la duka la dawa, na chini ya kila herufi alikuwa anaweka nukta moja ya bluu. Nikamwuliza nukta hizo ni za nini.

"Si ndivyo mabango ya Songea yanavyokuwa, Mama Skola?" akasema. "Bila nukta mteja anaona kama halijaisha."

Nilicheka, halafu nikaona si jambo la kucheka tu. Ndiyo maana naandika haya, kwa ajili yake na wenzake wote wanaochapa mabango mjini hapa. Sitaeleza nilipata nini wala nilipanda vyeo gani. Kitu pekee nilichopanda ni ngazi.

Mimi sikuzaliwa na brashi mkononi. Nilikuwa mpiga taipu katika shirika moja la umma, na shirika lilipoanza kupunguza wafanyakazi, taipu ilibaki kazini na mimi nikaenda nyumbani. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Kabla ya hapo duka halikuhitaji jina. Lilikuwa moja, kila mtu alilijua, na kila mtu alijua pia kwamba halina sabuni. Ghafla mtaa wetu wa Majengo ukajaa maduka, saluni, mabucha, mashine za kusaga na wauza mitumba, na kila mmoja alitaka jina lake ukutani kabla hata rafu hazijapigiliwa misumari. Mwandishi wa majina hayo alikuwa mmoja, Fundi Otmari.

Alikuwa mtu wa Maposeni, mwembamba, mwenye mikono mirefu, aliyejifunza herufi kwa kuandika maneno ya Kilatini kwenye kuta za makanisa. Zamani alikuwa mnywaji, na mji mzima ulijua. Baadaye aliacha kabisa, na hilo mji ulichelewa kulijua.

Nilimwendea asubuhi na shikamoo yangu na mwandiko wangu mzuri kwenye karatasi. Karatasi hakuitazama.

"Panda," akasema, akinionyesha ngazi iliyoegemea ukuta wa karakana.

"Na gauni hili, Fundi?"

"Gauni haliandiki. Kesho vaa suruali ndani."

Nikapanda. Akanipa chaki, akaniambia nichore mstari uliosimama wima mbele ya uso wangu. Nikachora. Kisha akaniambia niegemee kulia, ninyooshe mkono mpaka mwisho, nichore mwingine. Huu nao niliona umesimama vizuri. Niliposhuka nikakuta wa kwanza umesimama kweli, na wa pili umeinama kama mti uliosukumwa na upepo, kuelekea upande ule ule nilioegemea.

"Mkono haujui kitu, Skola," akasema. "Mkono unauliza mwili: juu ni wapi? Mwili ukidanganyika, mkono nao unakwenda kwenye uongo huo huo, tena kwa uhakika. Kwa hiyo kabla hujachora, jiulize umesimamaje."

Kisha akanipa kanuni ambayo nimewafundisha wote waliopita mikononi mwangu: kitovu kisivuke mti wa ngazi, yaani ule uliosimama pembeni. Ukiona herufi iko mbali, shuka, hamisha ngazi, panda tena. Wavivu hawaipendi kanuni hiyo. Mafundi wa mifupa wanaipenda sana, maana wanaoipuuza huishia kwao.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Brashi za kupakia nyumba, ambazo Fundi alizipunguza nywele kwa wembe mpaka zikawa na ncha. Makopo ya maziwa ya kutilia rangi. Mafuta ya taa na matambara. Kamba ya kupakwa chaki, ambayo ukiivuta na kuiachia inapiga mstari ulalao ukutani. Na timazi, yaani uzi wenye kipande cha chuma mwishoni, unaoning'inia kukuonyesha wima. Kamba na timazi Fundi aliziita vitu vya wanafunzi. Yeye hakuzigusa. Aliegemea kulia na kushoto kadiri mikono yake mirefu ilivyomruhusu, akaandika ukuta mzima bila mstari wowote, na watu walisimama chini wakingoja akosee. Walioweka dau la soda kwamba atakosea walinunua soda nyingi. Nilimwuliza kwa nini yeye anavunja kanuni yake.

"Mimi mwili wangu nimeuzoesha," akasema. "Ukiinama, unajua umeinama, na unapunguza. Wako bado unadhani dunia ndiyo iliyoinama."

Tukafanya kazi hivyo misimu kadhaa. Tuliandika mpaka Namtumbo, kwenye ghala la tumbaku ambalo harufu yake iliingia kwenye rangi, na jina likanuka sigara mpaka mvua ziliponyesha. Nilijifunza kwamba S huandikwa ukiwa umeshiba, na kwamba mwenye bucha hataki rangi nyekundu, ana nyekundu ya kutosha ndani.

Kisha Fundi akaanza kukohoa. Alisema ni vumbi la kiangazi, sote tukakubali kwa sababu vumbi lilikuwepo. Mke wake, Mama Agata, hakukubali. Akampeleka hospitali kwa lazima, na ikaonekana ni kifua kikuu. Akachomwa sindano kila siku kwa wiki nyingi. Karakana nikaiendesha mimi. Aliporudi alikuwa mwembamba zaidi, lakini kikohozi kimekwisha. Dawa ile ilimrudisha duniani, na naomba msomaji asilisahau hilo nikieleza kilichofuata.

Cha kwanza kuonekana kilikuwa mwendo wake. Mchana alitembea vizuri kiasi. Jua likizama alikwenda akipapasa kuta, na mahali pasipo na ukuta alipepesuka. Mkabala na karakana yetu alikaa Gaudensi, fundi baiskeli, ambaye mdomo wake ulikuwa na kazi nyingi kuliko spana zake.

"Karibu tena, Fundi!" akaita jioni moja. "Naona kilabuni wamekukaribisha kabla yetu!"

"Nimetoka karakana, Gaudensi. Umeniona nikifunga mlango."

"Nimekuona. Mlango ulikuwa unakufunga wewe."

Watu wakacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nilitazama kama ni kweli. Kisha Fundi akaandika bango la saluni, na herufi zikakaa vibaya. Mwenye saluni hakusema kitu mbele yake. Alisema sokoni. Wiki haikwisha, mji mzima ukajua kwamba Fundi Otmari amerudia pombe.

Mama Agata akanijia nyumbani. "Nanusa koti lake kila jioni, Skola," akasema. "Sikuti kitu. Na bora ningekuta, ningejua cha kupigana nacho. Kama si pombe, ni nini?"

Wakati huo Fundi alikuwa na kazi moja kubwa mbele yake. Bwana Rajabu, mfanyabiashara wa Tunduru aliyetajirika kwa korosho, alikuwa amejenga duka la vifaa vya ujenzi Majengo, lenye ukuta mpana mweupe juu ya milango. Ufunguzi ulikuwa Ijumaa baada ya sala. Jina lilikuwa RAJABU NA WANAWE, kwa bluu, herufi kubwa. Fundi aliandika neno la kwanza siku niliyokuwa nimekwenda kununua rangi. Niliporudi nilimkuta Bwana Rajabu amesimama katikati ya barabara, kofia mkononi.

"Fundi Otmari, wallahi nakuheshimu," alikuwa anasema. "Lakini mimi nauza timazi na pima maji. Mteja atainua macho aone jina langu limepinda, halafu ataniamini vipi?"

"Halijapinda," Fundi akajibu kutoka juu ya ngazi.

"Shuka ulitazame."

Akashuka, akavuka barabara, akageuka. Kutoka pale aliuona ukingo wa paa na fremu za milango, na jina aliloliandika kati ya hivyo.

"Nilipokuwa juu lilikuwa sawa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

Bwana Rajabu hakuwa mkali. Alisema kuna kijana wa Njombe mjini, anaandika vizuri, amefikia gesti ya karibu. Angengoja mpaka Alhamisi mchana, kwa heshima ya jina la Fundi, kisha angemwita. Fundi akanipa brashi. "Andika wewe," akasema.

Ningeweza kuandika. Lakini watu walikuwa wameshaanza kukusanyika, na nilijua wangesema nini: ameandikiwa kwa sababu hawezi kusimama. Asingeshika brashi tena katika mji huu. Nikamwambia aniachie siku ile nitazame kwanza.

Nikaomba kiti cha Gaudensi, nikakibeba mpaka ng'ambo ya duka. Gaudensi mwenyewe akakifuata, maana hakuwa mtu wa kuacha kiti chake kione jambo peke yake. Nikalitazama neno lile herufi moja moja. Halikupinda ovyo. Lilikuwa na vigongo viwili: lilipanda, likashuka, likapanda tena, likashuka. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa mpya, na kila mahali ngazi ilipoegemea vichwa vyake viliacha alama mbili nyeusi. Alama hizo zilikuwa katikati ya kila kigongo. Mbele ya ngazi herufi zilikuwa nzuri kabisa. Za kushoto kwa ngazi ziliinama kushoto, za kulia ziliinama kulia, na iliyokuwa mbali zaidi ndiyo iliyoinama zaidi.

"Unatafuta nini?" Gaudensi akauliza.

"Niambie, wewe unayewajua walevi. Ni mlevi gani anayekosea mahali pale pale kila mara?"

Akafikiri. "Mlevi mwangalifu," akasema.

Nikamrudisha Fundi karakana, nikamfanyisha alichonifanyisha siku yangu ya kwanza. Chini, miguu ikiwa imara ardhini, mistari yake ilikuwa kama ya zamani. Juu ya ngazi, katikati, vivyo hivyo. Alipoegemea kulia, mstari ukaangukia kulia, naye akaapa umesimama. Nikampigia mstari wa chaki wa kukalisha herufi. Zikakaa juu ya mstari vizuri, na bado zikainama. Brashi haikutetemeka hata mara moja. Mkono wake ulikuwa mzima. Ulikuwa unauliza kama kawaida. Jibu ndilo lililokuwa si la kawaida.

Kesho yake tukaenda hospitali, yeye, Mama Agata na mimi. Hatukwenda kwa daktari wa kifua. Nilimwomba Dada Yusta, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye kila siku alikuwa na watu wasioweza kusimama. Alinisikiliza mpaka mwisho, pamoja na habari za alama za ngazi, kisha akamwambia Fundi avue viatu, abane miguu, afumbe macho.

Fundi akaanza kuyumba, kidogo, halafu sana. Yusta akamdaka.

"Usimsukume mgonjwa, Dada!" Mama Agata akasema.

"Sijamgusa, mama. Ndiyo kwanza namgusa sasa." Akamsogeza karibu na ukuta. "Fumba tena. Sasa weka ncha ya kidole ukutani. Usiegemee, gusa tu, kama unagusa pasi kuona ina moto."

Fundi akasimama kama nguzo. Akaondoa kidole, akayumba. Akagusa, akatulia. Alirudia mwenyewe mara kadhaa bila kuambiwa, kama mtu aliyepata swichi ya taa.

Yusta akatueleza. Sindano zile zinaua wadudu wa kifua, lakini kwa baadhi ya watu zinadhuru pia kitu kilichomo ndani ya sikio, kinachofanya kazi kama pima maji ya mwili, kinachoujulisha mwili juu ni wapi. Kikilegea, mtu hutegemea mashahidi wengine, yaani macho, nyayo, na kile anachogusa. Mchana, akiona milango na paa, anakwenda vizuri. Gizani anapepesuka. Na ukimpandisha mbele ya ukuta mweupe unaoziba kila kitu, kisha aegemee upande, hana shahidi hata mmoja.

"Kwa hiyo si pombe?" Mama Agata akauliza.

"Mama, hata akinywa maziwa ataandika hivyo hivyo."

Mama Agata akakaa kwenye benchi la wagonjwa, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipotoka hayakukauka upesi. Fundi hakucheka. Alikuwa anakitazama kidole chake.

"Pima maji hiyo itarudi?" akauliza.

"Huenda sehemu. Sitakuahidi yote."

"Na kidole kimoja kinatosha?"

"Kwa kusimama kinatosha, umeona. Kwa kuandika sijui, Fundi. Hilo utaniambia wewe."

Alhamisi alfajiri tulipaka chokaa juu ya jina la zamani. Fundi akatoa begini kamba na timazi. "Leo mimi ndiye mwanafunzi," akasema, akapiga mistari yake. Tatizo lililobaki lilikuwa mkono wa kushoto, kwa sababu miaka yote mkono huo ulishika kopo la rangi. Nikakunja waya, nikatengeneza kulabu, tukalitundika kopo kwenye kipago cha ngazi. Mkono wa kushoto ukawa huru. Akapanda, akaweka ncha ya kidole ukutani, kushoto kwa mguu wa R, akaandika.

Kuhamisha ngazi kwa kila herufi kungekuwa salama zaidi, lakini kifua kilichotoka kuugua hakitaki kupanda na kushuka kutwa nzima. Ilibidi aegemee, na ilibidi kidole kimshikie wima. Watu wakaanza kusimama. Kijana wa Njombe naye alikuja, na boksi lake la brashi chini ya kwapa. Gaudensi akachukua spoki, akaishika kwa ncha za vidole ili ining'inie, akafumba jicho moja, akawa anapima kila herufi kutoka ng'ambo na kutangaza matokeo.

"R imesimama! A imesimama! J... Skola, J inalala!"

Nikatazama. Fundi alikuwa ameegemea mbali, mazoea ya miaka yamemshika, na kidole kimeachia ukuta.

"Kidole, Fundi!" nikapiga kelele.

Akasimamisha brashi. Kidole kikarudi. Nilimwona akitulia, mabega yakishuka kidogo, kisha akaifuta J kwa tambara akaianza upya. Watu wakaniuliza kidole ni cha nini, nikawaeleza yote, sindano na sikio na pima maji. Kuanzia hapo kazi haikuwa yangu tena. Kila kidole kiliponyanyuka, barabara nzima iliita: "Kidole!" Wauza mitumba, mama wa maandazi, hata kijana wa Njombe. Watu wale wale waliokuwa wanamcheka akipepesuka sasa walikuwa wanamshikia wima kwa sauti zao. Mimi nimeona sherehe nyingi Songea; hiyo naiweka juu ya nyingi.

Alipomaliza akashuka na kuvuka barabara, akageuka kama siku ile. Gaudensi akapitisha spoki yake kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Zimesimama zote," akasema, na kwa mara ya kwanza hakuongeza neno. Baadaye akaongeza. "Lakini Fundi, siku zile ulikuwa umekunywa nini hasa?"

"Sindano," Fundi akajibu.

Bwana Rajabu hakuridhika na spoki. Alichukua pima maji mpya kutoka rafuni mwake, akakunja kanzu, akapanda mwenyewe, akaiweka chini ya jina. "Kiputo kiko katikati," akatangaza, na watu wakapiga makofi kana kwamba ni yeye aliyeandika. Kisha akasogeza uso karibu na ukuta. "Na hizi nukta?"

Hapo ndipo sote tulipoziona. Rangi ilikuwa imetiririka kwenye mkono wa Fundi, na kidole chake kilikuwa kimeacha chapa ya bluu kando ya mguu wa kila herufi, moja moja, mstari mzima. Nilitafuta tambara. Fundi akakitazama kidole chake, cha bluu mpaka kiungo cha pili.

"Mapambo," akasema.

"Mashaallah," akasema Bwana Rajabu. "Yaache."

Basi ndivyo ilivyoanza. Mwenye mashine ya kusaga alitaka jina "kama la Rajabu, lenye nukta". Mwenye saluni akaomba bango lake liandikwe upya, na alikuja kuomba mchana, mbele ya watu. Kijana wa Njombe aliporudi kwao alianza kuweka nukta pia, naye masikio yake ni mazima. Mimi masikio yangu ni mazima na niliziweka kwa dole gumba, kwa sababu wateja walizitaka. Fundi peke yake ndiye aliyezihitaji. Aliandika kwa miaka mingi baada ya pale, kidole ukutani, na jioni Gaudensi alikuwa anafunga kibanda mapema ili wafuatane, Fundi ameshika kiti cha baiskeli. Gaudensi alisema baiskeli ndiyo inayohitaji msaada.

Alipofariki tulimzika kwao Maposeni. Msalaba niliuandika mimi. Nilipomaliza jina lake nilichovya kidole, nikagusa kando ya kila herufi, na nyuma yangu mtu mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Kidole." Sikugeuka kuona ni nani. Sauti niliijua, ilikuwa ya mwenye spoki.

Ukuta wa Bwana Rajabu umeshapakwa rangi nyingine mara nyingi. Na ninyi mnaochapa hampandi sana. Kompyuta inajua juu ni wapi kuliko sisi sote. Lakini bango likishachapwa bado kuna mtu wa kulitundika, na mtu huyo ana mkono unaouliza mwili. Kitovu kisivuke mti wa ngazi. Ukianza kuona dunia imeinama, gusa kitu.

Na wewe Baraka, nukta usiziondoe. Ila nimeona unaziweka katikati, chini ya herufi. Zisogeze kidogo kushoto. Hapo ndipo kidole chake kilipokuwa.